Vivinjari vingi, jiko moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushindani wa vivinjari

Ukurasa huu ni wa anayetumia intaneti kila siku na anataka kujua kwa nini watu wanalalamikia nguvu ya Chrome, na wa anayetengeneza tovuti na kuzijaribu kwenye kivinjari kimoja tu. Maswali ya mwanzo ni mepesi. Ya kiufundi yako mwishoni.

Nina Chrome, Edge, Opera na Brave kwenye kompyuta moja. Huo si ushindani?

Ni ushindani wa sura. Vyote vinne vimejengwa juu ya mradi mmoja uitwao Chromium, na kazi ya kuusoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini inafanywa na injini moja, Blink. Fikiria vibanda vinne vya chakula vinavyopakuliwa kutoka sufuria moja: huyu anaongeza kachumbari, yule pilipili, lakini chumvi ikizidi jikoni imezidi kwa wote.

Tofauti zipo, na nyingine ni za maana. Brave ina kizuia matangazo ndani yake, Edge inakuvuta kwenye akaunti ya Microsoft, Opera inakuwekea vitufe vya pembeni. Ila swali la nini ukurasa wa wavuti unaruhusiwa kufanya kwenye kifaa chako halijibiwi kwenye vibanda hivyo. Linajibiwa jikoni, na jikoni wengi wa wapishi ni wa Google.

Injini ya kivinjari inafanya nini hasa?

Inapokea HTML, CSS na JavaScript, lugha zinazotumika kuandika kurasa, kutoka kwenye seva, inapanga kila herufi na picha ikae wapi, inaendesha msimbo, kisha inachora. Upau wa anwani, vichupo na alamisho ni ganda la nje. Ganda linaweza kutengenezwa na timu ndogo kwa miezi michache. Injini ni mamilioni ya mistari ya msimbo, na inataka mamia ya wahandisi wasioondoka, kwa sababu viwango vya wavuti vinaongezeka kila mwaka na kila kosa dogo ni mlango wa mdukuzi.

Ndiyo maana hata matajiri wamechoka. Opera iliiacha injini yake, Presto, mwaka 2013. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaiacha EdgeHTML, na Edge ya Chromium ikatoka tarehe 15 Januari 2020. Kama Microsoft imeshindwa kubeba mzigo huo, si rahisi mwingine kujitokeza kesho.

Zimebaki injini ngapi?

Zenye uzito ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla, ambayo ndiyo inaendesha Firefox. Ukifuata nasaba hazifiki hata tatu. Blink ilichipuka kutoka WebKit Aprili 2013, na WebKit nayo ilitokana na KHTML ya mradi wa KDE, ambayo Apple iliichukua ikaitengenezea Safari iliyotangazwa Januari 2003. Gecko peke yake ndiyo haina damu ya ukoo huo. Chrome inashika takriban theluthi mbili ya matumizi yote duniani, Safari inafuata kwa mbali, Firefox imeshuka hadi asilimia chache.

Nitajuaje kivinjari changu kinatumia injini gani?

Kwenye kompyuta bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Console, andika `navigator.userAgent`, bonyeza Enter. Chrome ya Windows itakujibu kitu kama hiki:

`Mozilla/5.0 (Windows NT 10.0; Win64; x64) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/140.0.0.0 Safari/537.36`

Huu ndio mstari ambao kivinjari hujitambulisha nao kwa kila seva, na karibu kila neno ndani yake ni uongo wenye historia. «Mozilla» lilikuwa jina la utani la Netscape, kivinjari kilichotawala zamani. Miaka ya 1990 seva zilitoa kurasa nzuri kwa anayesema «Mozilla» tu, basi Internet Explorer ya Microsoft ikajiita hivyo, na kila aliyekuja baadaye akafuata. «KHTML, like Gecko» ni Safari ikiomba isinyimwe kurasa zilizotengewa Gecko. «AppleWebKit/537.36» ni namba iliyogandishwa tangu Blink ilipojitenga. «Safari» si Safari. «Windows NT 10.0» hutokea hata kwenye Windows 11. Ukweli pekee wenye faida ni «Chrome/140», na zile sifuri zinazofuata zimewekwa makusudi ili usitambulike kwa toleo lako kamili.

Edge huongeza `Edg/` mwishoni, Opera huongeza `OPR/`, Brave haiongezi chochote. Ukiona `Gecko/20100101 Firefox/` uko kwenye Gecko. Kila kipande cha uongo kwenye mstari huo ni kovu la wakati ambapo tovuti zilimfungia nje mtu kwa sababu hakuja na kivinjari cha mkubwa wa siku hizo.

Mbona Chrome kwenye iPhone haina viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo) kama ya kompyuta?

Kwa sababu ndani yake ni WebKit. Kanuni za duka la Apple zinataka kila kivinjari cha iPhone kitumie injini ya Apple, kwa hiyo Chrome na Firefox za iPhone ni ganda tu juu ya injini ileile ya Safari. Umoja wa Ulaya ulilazimisha mlango ufunguliwe kuanzia iOS 17.4, Machi 2024, lakini masharti ni magumu na ruhusa inahusu Ulaya tu, jambo linalomlazimu mtengenezaji kutunza matoleo mawili ya programu moja. Japani nayo ina sheria ya aina hiyo iliyoanza kutumika kikamilifu Desemba 2025.

Kuna kitendawili hapa. Kanuni ya Apple ni ukiritimba, bila kupepesa macho. Lakini ndiyo pia inayowalazimisha watengenezaji tovuti kuijaribu kazi yao kwenye injini isiyo ya Google. Ikiondolewa dunia nzima bila kingine kubadilika, Blink itaingia iPhone kwa kishindo.

Chromium ni huria. Yeyote anaweza kuichukua akafanya yake. Tatizo liko wapi?

Leseni inaruhusu. Hesabu ndiyo inakataa.

Mwaka 2021 Chrome ilianza kutoa toleo kubwa kila wiki nne. Ukiondoa kitu usichokipenda, marekebisho yako lazima uyapachike upya kila mara msimbo wa chini yake unapobadilika. Marekebisho kumi unaweza kuyabeba. Mia yanakula timu nzima. Halafu kuna usalama: Google ikiziba tundu, kiraka kinaonekana kwenye msimbo wa wazi, na mdukuzi hodari anaweza kukisoma akajua tundu lilikuwa wapi. Kivinjari kilichochelewa siku kumi kuchukua kiraka kimewaacha watumiaji wake uchi kwa siku kumi. Kwa hiyo kila anayejenga juu ya Chromium anakimbia kwa kasi ya Google, apende asipende.

Maamuzi nayo yana utaratibu wake. Mtu anayetaka kuingiza uwezo mpya hutuma tangazo la nia ya kuutoa, na akipata idhini ya wasimamizi watatu, unaingia. Maoni ya Mozilla na Apple yanaulizwa na kuandikwa, lakini hayazuii. Mozilla ilipinga WebUSB, uwezo wa ukurasa wa wavuti kuzungumza na kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta, ikisema hatari yake ni kubwa mno. Chrome iliutoa mwaka 2017 hata hivyo. Leo ukikuta tovuti inayosema «tumia Chrome au Edge» kupachika programu kwenye kifaa cha elektroniki, ndiyo hiyo.

Januari 2025 Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kusaidia mradi wa Chromium, Google, Meta, Microsoft na Opera wakiwemo. Ni hatua, ila kuchangia gharama ya jiko hakukupi ufunguo wa jiko.

Tulishawahi kufika hapa?

Ndiyo, na waliokuwa wakitengeneza tovuti wakati huo hawajasahau. Netscape Navigator ilitawala kuanzia 1994. Microsoft ilileta Internet Explorer Agosti 1995, ikaigawa bure na kuifungamanisha na Windows. Serikali ya Marekani ilifungua kesi Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson akaamua mwaka 2000 kwamba Microsoft imevunja sheria na igawanywe, mahakama ya rufaa mwaka 2001 ikatengua mgawanyo huo lakini ikakubali kwamba ukiritimba ulilindwa kwa njia haramu, kisha pande mbili zikapatana. Netscape ilikuwa imeshakufa kibiashara. Msimbo wake ulitolewa wazi Machi 1998, na kwenye majivu hayo ndipo ikaota Firefox 1.0, Novemba 2004.

La kujifunza liko kwenye kilichotokea baada ya ushindi. Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano kivinjari cha karibu dunia nzima kilisimama palepale. Picha za PNG zenye uwazi zilionekana na mandhari ya kijivu. Mtu aliandika CSS sahihi kwa kufuata kiwango, kisha akaongeza mistari ya `* html` kwa ajili ya kivinjari hicho kimoja, na `zoom: 1` ya kuilazimisha injini ipime boksi vizuri. Mpaka Machi 2011, miaka karibu kumi baadaye, Microsoft yenyewe ilikuwa ikiendesha kampeni ya kuwasihi watu waiache IE6. Mwenyewe alishindwa kukizika alichokizaa.

Kuna nchi iliyowahi kuumia kweli, au haya ni manung'uniko ya wahandisi?

Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa ikizuia usafirishaji wa ufichaji data wenye nguvu, na vivinjari vilivyoruhusiwa nje vilikuwa dhaifu. Wakorea wakabuni ufichaji wao, SEED. Wakati ule lilikuwa jambo la busara kabisa. Kwa kuwa vivinjari havikuujua, ukaletwa kwa programu ndogo za ActiveX, teknolojia iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer juu ya Windows tu. Benki zikafuata, kodi ikafuata, maduka yakafuata, na kanuni zikataka cheti cha kidijitali kilichopitia njia hiyohiyo.

Matokeo: nchi yenye intaneti ya kasi kuliko nyingi duniani, na mwenye Mac au Linux hawezi kulipa bili. Watu walizoea kubonyeza «kubali» kwa kila programu iliyojitokeza, tabia ambayo wezi wa mtandaoni waliipenda sana. Mwaka 2014 Rais Park Geun-hye alilalamika hadharani kwamba mashabiki wa China wa tamthilia ya Kikorea walishindwa kununua mtandaoni koti walilomwona nalo mhusika. Vyeti hivyo vilipoteza upendeleo wao wa kisheria Desemba 2020. Zaidi ya miaka 20, kwa uamuzi mmoja uliofunga mlango kwenye kivinjari cha kampuni moja.

Chrome ilishinda kwa ubora au kwa fedha?

Vyote viwili, na anayekutajia kimoja tu anakuuzia kitu. Ilipotoka Septemba 2008 ilikuwa na kasi: injini yake ya JavaScript, V8, iliwaacha wengine mbali, na kila kichupo kilitengwa ili kimoja kikikwama visife vyote. Lakini pia ilitangazwa kwenye ukurasa wa utafutaji unaofunguliwa na dunia nzima, na ilikuja imeshawekwa kwenye simu za Android. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowapa watengenezaji wa simu, ikiwemo kufungamanisha Chrome na duka la programu. Mahakama ilipunguza hadi bilioni 4.125 mwaka 2022.

Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google kuhusu utafutaji ilibainika kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa Apple, watengenezaji wa simu, kampuni za mawasiliano na vivinjari vingine, ili injini yake ya utafutaji iwe chaguomsingi. Apple peke yake ilipata karibu bilioni 20 mwaka 2022. Hakuna anayelipa fedha hizo kwa kitu ambacho watu wangekibadilisha kirahisi. Chaguomsingi ndilo chaguo la wengi.

Mahakama imeamua nini?

Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta alisema Google ina ukiritimba wa utafutaji na imeulinda kinyume cha sheria. Serikali ikaomba Chrome iuzwe. Uamuzi wa Septemba 2025 ulikataa: Chrome inabaki, mikataba ya kumfunga mtu asimsikilize mwingine imepigwa marufuku, malipo ya chaguomsingi yanaruhusiwa, na baadhi ya data za utafutaji zitashirikishwa kwa washindani wanaostahili. Wiki chache kabla, kampuni ya akili unde ya Perplexity ilikuwa imejitokeza kutaka kuinunua Chrome kwa dola bilioni 34.5. Haikuuzwa.

Kama malipo hayo ni mabaya, mbona Firefox inayapokea?

Kwa sababu ndiyo inaishi kwayo. Sehemu kubwa mno ya mapato ya Mozilla inatoka kwenye mkataba wa utafutaji na Google. Mshindani pekee huru analishwa na anayeshindana naye, na hakimu alipokuwa akifikiria kuzuia malipo yote, Mozilla ilienda mahakamani kusema kwamba kufanya hivyo kungeiua. Hali ya aibu, lakini ni ya kweli, na haitatoweka kwa kuilaumu Mozilla.

Skrini za kuchagua kivinjari zinasaidia?

Kidogo. Ulaya iliilazimisha Microsoft kuionyesha mwaka 2010. Ilipotoweka kwenye Windows kati ya Mei 2011 na Julai 2012, Microsoft ilitozwa yuro milioni 561. Tangu Machi 2024 zimerudi, safari hii kwenye simu, na vivinjari vidogo vimepata wageni wapya. Lakini mtu aliyewasha simu mpya anataka kufika WhatsApp. Atabonyeza nembo anayoijua.

Kizuia matangazo changu kilizimwa kwenye Chrome. Kwa nini?

Zamani kiendelezi kama uBlock Origin kilisimama mlangoni: kila ombi la ukurasa lilipita mbele yake, msimbo wake ukaliangalia na kuamua. Kanuni mpya za viendelezi za Chrome, Manifest V3, zinamwondoa mlinzi mlangoni. Sasa anampa kivinjari orodha iliyoandikwa mapema, na kivinjari ndicho kinachoamua. Orodha hiyo ina ukomo: kila kiendelezi kinahakikishiwa kanuni 30,000 zilizokuja nacho, na zaidi ya hapo kinagombea nafasi na vingine. Uzimaji wa viendelezi vya kanuni za zamani ulianza Juni 2024 na kukamilika 2025.

Hoja ya Google ni usalama na kasi, na si ya kupuuzwa: kiendelezi kibaya kilichopewa nafasi mlangoni huona kila unachofungua. Ila Manifest V3 bado inaruhusu kiendelezi *kutazama* maombi; kilichoondolewa ni uwezo wa kuyazuia papo hapo. Mwenye biashara ya matangazo akiamua namna matangazo yanavyoweza kuzuiwa, msomaji ana haki ya kukunja uso.

Ufanye nini: kwenye Chrome weka uBlock Origin Lite, inayoziba mengi lakini si yote. Kwenye Firefox uBlock Origin kamili bado inafanya kazi, ya kompyuta na ya Android. Brave ina kizuizi ndani ya msimbo wake, hivyo kanuni za viendelezi hazikigusi.

Vidakuzi vya watu wengine vilisemwa vitaondolewa. Vimeishia wapi?

Hivi ni vijifaili ambavyo kampuni isiyo mwenye tovuti uliyofungua huviacha kwenye kivinjari chako ili ikufuatilie. Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Firefox ilianza kuzuia vya wafuatiliaji mwaka 2019, na tangu 2022 kila tovuti inapewa mtungi wake wa vidakuzi. Chrome iliahidi Januari 2020 kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikabadili mawazo. Vipo.

Ila tazama kilichokwamisha. Washindani wa Google kwenye matangazo walilalamika kwamba wao wangepofuka huku Google, yenye akaunti za watu, ingeendelea kuona. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikaingilia na kuiwekea Google masharti. Kampuni ikishakuwa na kivinjari, utafutaji na soko la matangazo kwa pamoja, hata jambo jema la faragha linageuka rungu, na kutolifanya pia kunamfaidi yeye. Kuvizima mwenyewe: Mipangilio, Faragha na usalama, Vidakuzi vya washirika wengine, kisha zuia.

Injini moja ina hatari gani ya kiusalama?

Tundu la V8 likitumiwa na wadukuzi kabla ya kuzibwa, Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi wote wako hatarini siku hiyohiyo. Machi 2022 Google ilitoa kiraka cha dharura cha aina hiyo na Edge ikafuata mbio. Tusizidishe chumvi hata hivyo: Septemba 2023 tundu la maktaba ya picha za WebP, yaani msimbo wa kusoma aina hiyo ya picha, liliigusa na Firefox, kwa kuwa maktaba hiyo wote wanaitumia. Injini tofauti hupunguza hatari, haiifuti.

Huku Afrika Mashariki hali ikoje?

Simu nyingi ni Android, kwa hiyo Chrome imeshakaa humo kabla hujanunua. Mshindani halisi amekuwa Opera, yenye nafasi kubwa zaidi huku kuliko duniani kwa jumla, kwa sababu ya bando. Opera Mini katika uokoaji wa juu kabisa haifungui ukurasa kwenye simu yako: seva ya Opera inaufungua, inaukandamiza, na kukuletea kitu chepesi kama picha ya ukurasa. Hapo ndipo megabaiti zinapookolewa.

Na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Msimbo wa ukurasa unaendeshwa kule kwenye seva kwa muda mfupi kisha unasimama, kwa hiyo fomu zinazojibadilisha, ramani na malipo yenye hatua nyingi hukwama. Zaidi ya hayo, seva hiyo inauona ukurasa ukiwa wazi. Habari na matokeo ya mpira soma humo. Benki, kodi na barua pepe fungua kwenye kivinjari cha kawaida, au zima uokoaji kwanza.

Jambo moja husahauliwa: hata ukiiondoa Chrome, programu nyingi za Android hufungua kurasa ndani yake kwa sehemu ya mfumo iitwayo WebView, na hiyo nayo ni Chromium. Isasishe kwenye Play Store hata kama huitumii kwa jina.

Nahamaje bila kupoteza nywila zangu?

Kwenye kompyuta, kutoka Chrome kwenda Firefox:

1. Fungua `chrome://bookmarks`, bonyeza vitone vitatu, hamisha alamisho kuwa faili la HTML.
2. Fungua `chrome://password-manager/settings`, pakua nywila. Utapata faili la CSV.
3. Kwenye Firefox fungua `about:logins`, vitone vitatu, leta kutoka faili, chagua CSV. Alamisho zilete kwenye dirisha la maktaba (Ctrl+Shift+O).
4. Futa CSV na umwage pipa la takataka. Faili hilo halina ufichaji. Yeyote akilifungua kwa Notepad anasoma kila kitu. Usijitumie kwa WhatsApp wala barua pepe.

Yanayokwama: funguo za siri zinazotumia alama ya kidole haziingii kwenye CSV, kwa hiyo utaunda mpya tovuti kwa tovuti. Na utakuwa umetoka kwenye akaunti zote, hivyo hakikisha laini inayopokea namba za uthibitisho iko hewani kabla ya kuanza. Simu ihamie mwisho, kwa kuingia akaunti ileile ya Firefox ili data zishuke zenyewe. Kisha Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, Kivinjari. Usiifute Chrome wiki ya kwanza.

Vivinjari vipya vya akili unde vitavunja ukiritimba?

Comet ya Perplexity na Atlas ya OpenAI, vyote vya 2025, vimejengwa juu ya Chromium. Vinashindania nani akujibu maswali. Jiko ni lilelile.

Na injini mpya kabisa?

Zipo mbili za kufuatilia. Ladybird, iliyoanzishwa na Andreas Kling, inaandikwa bila kuchukua msimbo wa injini nyingine yoyote, na tangu Julai 2024 iko chini ya shirika lisilo la faida lisilopokea fedha za chaguomsingi. Servo ilianzia Mozilla mwaka 2012, timu yake ikapunguzwa kazi Agosti 2020, na sasa iko chini ya Linux Foundation Europe. Kwa kazi za benki bado.

Natengeneza tovuti. Nifanye nini tofauti?

Kwanza futa kila mahali ulipoandika `userAgent.includes('Chrome')`. Uliza uwezo, usiulize jina: `if ('share' in navigator)` kwenye JavaScript, `@supports` kwenye CSS. `showOpenFilePicker` ipo kwenye Chromium tu, kwa hiyo weka `<input type="file">` ya kawaida kama njia ya pili. `beforeinstallprompt`, ya kitufe cha «sakinisha», pia ni ya Chromium. Mwenye iPhone atakiona kitufe kisichofanya kitu. Urefu wa `100vh` hujificha chini ya upau wa Safari, tumia `100dvh`. Na Safari hufuta data ulizohifadhi kwa JavaScript baada ya siku 7 za matumizi ya kivinjari kama mtu hajaigusa tovuti yako, kwa hiyo rasimu ya fomu ihifadhi kwenye seva.

Kujaribu hakuhitaji Mac. `npx playwright install` inakuletea Chromium, Firefox na WebKit kwenye Windows au Linux. Weka zote tatu kwenye usanidi wa majaribio. WebKit hiyo si Safari kamili, lakini hunasa makosa mengi.

Tovuti inaniambia «kivinjari hiki hakitumiki», nami niko Firefox.

Bonyeza ngao iliyo kwenye upau wa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo, pakia upya. Ikigoma, jaribu dirisha la faragha ili viendelezi visiingilie. Ikigoma tena, weka kiendelezi cha kubadili mstari wa utambulisho na ujifanye Chrome. Tovuti ikifunguka vizuri baada ya hapo, haikuwa na shida ya kiufundi hata moja. Ilikuwa inasoma jina mlangoni. Ripoti kupitia menyu ya mistari mitatu, kwenye chaguo la kuripoti tovuti yenye hitilafu. Ukitaka kuona tatizo hili lilivyo kubwa, andika `about:compat` kwenye upau wa anwani: utapata orodha ndefu ya tovuti ambazo Firefox hujibadilisha jina au kupachika viraka vyake yenyewe ili tu zifunguke.